Nyumba ya Ayeyo Wako

Mjukuu wangu Hodan,

Salaam nyingi. Ayeyo wako, bibi huyu wangu, hajambo, ngamia wamezaa. Unauliza kama nami niliwahi kuzungushwa na watu wa mikopo ya nyumba.

Wakati wa vita vya shifta, mimi, mjanja wa Garissa nzima, niliomba mkopo tununue nyumba ya mawe. Karani alinirudisha mara nne. Mara ya tano akashika muhuri. "Bwana, nyumba itakuwa ya nani?"

"Ya mke wangu." Kwetu nyumba ni ya mwanamke, hata mbuzi wanajua.

"Mwanamke hatumkopeshi. Sema ni yako, nigonge."

Mdomo wangu huu wote ukakataa kusema "ni yangu", nikatoka bila mkopo.

Nilimkuta ayeyo wako akifunga mikeka juu ya fito za nyumba yake, jua likipenya na kumdondokea kama matone ya maziwa. Nilipomweleza, alicheka. "Basi karibu kwangu."

Mpaka leo mimi ni mgeni wake, Hodan, na sijafukuzwa.

Awowe wako