Jembe la Kaloki kwenye Bwawa la Ngoleni

Jumatatu, 10 Machi 2025. Mwingi

Hoja imewasilishwa. Karani wa bunge la kaunti amethibitisha saa nane: Mheshimiwa Kaloki, MCA, yaani mwakilishi wa wadi ya huku katika bunge hilo, anataka bwawa la mchanga la Ngoleni, upande wa Nuu, liondolewe kwa kikundi cha wanawake, likabidhiwe kamati ya ofisi yake. Sababu: yeye ndiye aliyeongoza ujenzi, 2012. Ushahidi: kipande cha gazeti.

Habari yangu. Jina langu juu yake — Munyao.

Mhariri wangu, Ngure, anataka wasifu wa Kaloki kufikia Ijumaa. Niliyo nayo: mwalimu wa msingi, kisha duka la dawa za mifugo hapa mjini, mzee wa kanisa, MCA muhula wa pili. Zahanati alifungua kweli. Basari za karo zinafika.

Jumanne, 11 Machi. Ngoleni

Mama Nzisa, mwenyekiti wa mwethya — wanawake thelathini na wawili wanaosaidiana kazi kwa zamu. Walibeba mawe miezi saba. Nikamwonyesha picha ya gazetini: Kaloki, shati jeupe, jembe mkononi, mbele ya wote.

Akacheka mpaka akakohoa. "Aiya! Huyu alikuja kuuza dawa ya kupe! Kwa mwethya mgeni hasimami mikono mitupu. Nikampa jembe langu. Dakika kumi, akaomba maji."

Mimi ni Mkamba. Desturi hiyo naijua tangu utoto. Siku ile nilifika saa sita, nikapiga picha, nikauliza jina la mwanaume pekee aliyekuwepo, nikaandika "kiongozi". Sikuuliza mtu mwingine.

"Na wewe nilikupa jembe, mwanangu," akasema. "Ukasema una kamera."

Kisha hakucheka tena. Maji yao yamo ndani ya mchanga uliojaa nyuma ya ukuta. Mchanga ukizolewa, maji yamekwenda. Nyumba mia mbili, na mifugo.

Alhamisi, 13 Machi. Malili

Gakenia anauza mchanga na kokoto kando ya barabara ya Mombasa. Ameambiwa atarajie malori ya mchanga wa Ngoleni mwezi wa nne. Ameambiwa na nani? "Munyao, unataka nifunge biashara?" Hakutaja.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimwomba Ngure achapishe masahihisho kabla ya kamati ya maji ya bunge kuketi kuhusu hoja. Anasema habari ni ya miaka kumi na mitatu — tungoje kamati iamue. Wasifu sikutuma.

Kaloki alipiga simu. "Ndugu yangu, ile picha ndiyo ilinipeleka bungeni. Sijasahau."

Nikamwuliza alishika jembe muda gani.

"Picha haina saa, Munyao!" Alicheka vizuri, kama mtu asiye na wasiwasi.

Jumatatu, 17 Machi

Karani tena. Kamati ya maji itaketi Kitui mjini. Mashahidi wawili. Upande wa kikundi, Mama Nzisa. Upande wa Kaloki — mimi! Hakuniuliza.

Nikampigia Mama Nzisa. Nikamweleza. Akasema: "Kwa hivyo utaketi kwake."

Nikasema ndiyo, hapo ndipo nilipowekwa.

"Basi ongea kwa sauti. Sisi watatuweka nyuma."

Swali la kwanza nalijua: habari hii uliandika wewe? Jibu ni ndiyo. La pili, nani alikwambia yeye ni kiongozi, huenda wasiulize.

Kamati inaketi Jumatano, tarehe 19. Saa nne asubuhi.