Fundo la Tisa

Mdogo wangu Kinanda,

Pokea salamu nzito, zisizobebeka kwa mkono mmoja. Goti lako linasemaje? Na shemeji, bado anakoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini? Sisi huku wazima. Mimi nasema, wifi yako anaandika, kama kawaida yetu. Ukiona neno limekatwa, ujue hapo tuligombana.

Nasikia hata huko kwenu habari ya kitabu changu inasimuliwa vibaya. Wote wanakosea. Kinyozi wa hapa mtaani anasema mwisho wake nilipewa na mteja. Muuza magazeti anasema niliuota. Sasa ipate kwa mwenyewe.

Unanijua, shule niliipita kwa nje. Lakini hakuna anayeshona godoro la pamba kunizidi, wala anayesimulia kunizidi. Hata maadui zangu wanakubali, na ninao wachache, maana wengi wanalalia kazi yangu. Kitabu nilikitunga nikishona. Sura ikikaa sawa kichwani, napiga fundo kwenye uzi uliotundikwa msumarini: fundo kubwa la kilio, dogo la kicheko, mawili yaliyobanana ni ugomvi. Jioni napapasa mafundo, namsimulia wifi yako, naye anaandika kwenye daftari. Wengine wana miwani, mimi nina vidole. Bila fundo, kichwa changu ni debe tupu.

Mafundo yalikuwa tisa. Tulishaandika saba, siku ile mwalimu mkuu mmoja mstaafu, mama mkali, alipotaka godoro lake kabla ya saa sita. Uzi ukaniishia, mkono ukapapasa ukutani, nikashona. Nilipogutuka, msumari ulikuwa mtupu na godoro limeshaondoka.

Mchapishaji alishasema daftari zisipofika Ijumaa atachapa kitabu cha mtu mwingine, na mimi mtaa mzima nilikuwa nimeshautangazia. Uso huu mzuri ningeuweka wapi?

Nikaenda kwa mwalimu na mkasi. Akauliza tangu lini godoro linafuatwa nyumbani kufumuliwa. Nikamwambia nimesahau hadithi ndani yake. Akanitazama kama mwanafunzi aliyesema daftari lake limeliwa na mbuzi, kisha akaniambia nivue viatu. Nikafumua, pamba zikamrukia mpaka kwenye nyusi. Nikavuta uzi, nikapapasa la nane, nikapapasa la tisa, hapo hapo nikamsimulia mwisho. Yule mama wa kitabuni, aliyeachwa na mumewe, anakaa mlangoni kila jioni. Mtaa mzima unamhurumia, eti anamsubiri. Kumbe hamsubiri mtu, anapumzisha miguu. Mwalimu akakaa kwenye kigoda, halafu akaomba nirudie hapo pa miguu. Ijumaa daftari zikafika.

Juzi maktaba waliniita niwashauri vijana wanaotaka kuandika. Mmoja akauliza huwa nasubirije hadithi inijie. Nikamwambia mimi nasubiri pamba ikauke tu, hadithi nazifuata mwenyewe. Nikawaambia wakae kazini saa ile ile kila siku, hata ikitoka mistari mitano mibovu, maana godoro halishonwi kwa kulitazama. Wamsimulie kwanza mtu asiyewaogopa. Mimi wifi yako akikohoa tu, najua ukurasa umekufa. Na wasikilize ya nyumbani kwao kabla ya kukimbilia ya mbali. Hapo nikaomba maji.

Sasa wifi yako ametoka kuanua nguo, mvua inanyemelea. Kalamu nimeishika mwenyewe, kwa herufi chache alizonifundisha, ndiyo maana zimelala kama walevi. Nisikilize haraka.

Fundo la tisa halikuwepo. Nililikata mwenyewe nilipotunga uzi sindanoni. Mbele ya mwalimu nilikuta manane tu, na jasho. Ndipo sauti yako ikanijia, una miaka sita, kinanda kweli, mdomo haufungi, unamjibu yule jirani aliyekuja kumpa mama pole: mama hamsubiri baba, anapumzisha miguu. Unakumbuka mama alivyocheka mpaka akashika ukuta? Fundo langu mwenyewe nililikumbuka baadaye. Humo yule mume alirudi na sanduku la zawadi. Afadhali nililikata.

Kwa hiyo mwisho ni wako. Kila wakiusifu nilikuwa nabadilisha mazungumzo, na hata wifi yako hajui. Kinyozi alikaribia kupatia: nilipewa kweli, ila si na mteja. Jumamosi maktaba wameniita tena, nitawaambia ni maneno ya mdogo wangu. Tangu nianze ukurasa huu mgongo umekuwa mwepesi kama nimetua bunda la pamba.

Namsikia mlangoni na beseni la nguo. Msalimie shemeji akiamka.

Kaka yako,
Fundi Sindano