Nani Anamsindikiza Nani

Jumamosi, 1 Julai 1995

Fredrick amefika kutoka Dar es Salaam na mkewe Cecilia, watoto wawili, na kioja. Kioja chenyewe ni kipanya, yaani basi dogo, kilichotumika Japani mpaka Wajapani wakakichoka. Ubavuni kina maandishi yao bado. Hakuna ajuaye yanasema nini. Labda yanasema ‘hatari’.

Mwanangu hutoa magari bandarini. Siku hizi kila kitu ruhusa, kwa hiyo mabaki ya dunia nzima yanashuka Dar es Salaam, na moja limenifikia mimi hapa Singida. Ameng’oa viti, amebakiza viwili vya mbele na kimoja cha nyuma dirishani. Palipobaki amepigilia kitanda cha mbao, akatundika mapazia ya maua na kuweka jiko la mafuta ya taa. Anaiita nyumba ya kutembea. Nilimwambia nyumba haitembei. Inayotembea ni ya konokono. Hakucheka.

Mpango ni kwenda Karatu kwa dada yake, Flora. Siku nne njiani, kwa makusudi! Basi huenda kwa siku moja. Nilipouliza sababu nikajibiwa: kuangalia mandhari. Wataangalia Mlima Hanang, kisha ziwa, kisha majabali. Watu waliozaliwa Singida juu ya mawe wachome mafuta kwenda kutazama mawe. Tena na watoto hawa — Dorkas ana miaka mitatu, Samweli mwaka mmoja na miezi mitano. Huyu wa pili leo aliangalia mandhari yote ya uwanja wangu akachagua kinyesi cha kuku. Alikitia kinywani kabla mama yake hajageuka.

Fredrick akasema, “Na wewe baba utatusindikiza.”

Kusindikiza hadi Karatu! Mtu husindikiza hadi njia panda. Nililiacha lipite, alikuwa amechoka na barabara.

Jumapili, 2 Julai

Baada ya misa Antipasi, jirani yangu, alikuja kukikagua kipanya. Alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mtu wa mifugo anayetafuta kupe. Akaniuliza kama sasa nitahama na kuku au nitawaachia yeye. Alikusudia mzaha. Lakini hakunitazama usoni, na Antipasi hutazama watu usoni hata anapowadanganya.

(Nimeandika ‘kukikagua’ kisha ‘alilizunguka’. Kipanya, ki-. Uzee si udhuru.)

Cecilia husema ‘gari yetu’. Nimemsahihisha mara tatu: gari letu. Ni binti mwenye adabu, shikamoo yake hupigiwa magoti, lakini masikio yake yamejaa redio. Ameleta katoni ya nepi za karatasi. Mtoto anachafua, mama anatupa. Nilimuuliza atazitupa wapi huko kwenye mandhari. Akasema hilo hajalifikiria.

Jumatatu, 3 Julai

Leo wamefanya mazoezi ya safari. Gari limesimama pale pale chini ya ukuta wangu, nao wamo ndani, mchana kweupe, wanajifunza kulala. Cecilia anafuata picha za gazeti fulani la Wazungu: baba anapika, mama anasoma, watoto wanatazama dirishani wakitabasamu. Kwetu baba aliunguza uji. Samweli alidondoka kitandani, akadondoka tena. Dorkas alikojolea godoro. Gari halijatoka uani na tayari linanuka safari.

Walitoka humo baada ya saa moja, wote wanne wakiwa wamenuna. Nikauliza mandhari yalikuwaje.

Jumatano, 5 Julai

Cecilia alinikunjia mablanketi. Manne. Karatu kuna baridi, anasema. Akaniuliza pia koti langu zito liko wapi, na sufuria ipi Mama Flora — marehemu mke wangu, Theodora — aliipenda zaidi. Mablanketi manne na sufuria kwa siku chache! Nilimuuliza kama tunahama. Alikwenda haraka kumtazama mtoto, ambaye hakuwa analia.

Jioni Antipasi alipita kuniuliza habari ya goti. Nilimjibu kuwa goti halina habari. Nilimsindikiza hadi njia panda, Dorkas akiwa ameshika kidole changu. Tulipogeuka alishangaa: kwa nini babu Antipasi anakwenda na sisi tunarudi? Nikaona ndiyo nafasi ya kumfunza jambo ambalo baba yake amelisahau. Nikamwambia: anayesindikiza hurudi nyumbani, anayesindikizwa huendelea na njia yake. Akalirudia hadi mlangoni, akikosea kila mara, kila mara kwa namna mpya. Nikamsahihisha kila mara. Ana kichwa kizuri. Hakukirithi kwa baba.

Alhamisi, 6 Julai

Cecilia ameniletea ratiba niisahihishe. Heshima, nilidhani. Nikatoa kalamu nyekundu, ambayo haikuwa imefunguliwa tangu nilipostaafu, na wino ukakubali. Ukurasa wa kwanza ulikuwa machinjio. ‘Gari yetu’ mara tano. ‘Tuta lala Katesh’, maneno mawili, kana kwamba tunalala juu ya tuta la viazi. ‘Maziwa ya kuangalia’, nisijue ni ziwa au ni ya ng’ombe. Nilifurahi, siwezi kukana.

Nyuma yake uligandamana ukurasa wa pili. Wa kurudi. Nadhani hakukusudia kunipa. Uji wa Samweli ndio ulioubandika.

Juu umeandikwa: Tutamsindikiza Baba hadi kwa Flora.

Chini, mpango wa viti vya kurudi. Mbele, Fredrick na Cecilia na Samweli. Kitandani, Dorkas. Kiti cha Babu: maharage, magunia mawili.

Nimefundisha viambishi miaka thelathini na mmoja. Cha mtenda huja mwanzoni. Cha mtendwa hukaa karibu na mzizi. Utatusindikiza: mimi ndimi mtenda, nami narudi. Tutamsindikiza: wao ndio watenda, nao wanarudi. Na maharage.

Nilishika kalamu muda mrefu juu ya mstari ule. Hauna kosa hata moja. Ndio pekee katika kurasa zote mbili.

Ijumaa, 7 Julai

Saba Saba. Zamani siku hii nilikuwa napeleka darasa zima shambani na bendera. Leo redio inatangaza sabuni.

Niliwaita Fredrick na Antipasi, nikaweka ukurasa wa pili mezani, nikamwambia Fredrick asome kwa sauti. Akasoma. Alipofika kwenye maharage aliurudisha ukurasa mezani.

Antipasi ndiye aliyemwandikia Fredrick barua. Amekiri. Mwezi wa tano niliteleza kisimani. Yeye ameeleza kwamba nilianguka alfajiri na kwamba alinikuta pale pale baada ya adhana ya adhuhuri, midomo imekauka. Sikujua kama anajua kutunga kirefu hivyo. Darasani kwangu alikuwa haandiki nusu ukurasa.

“Baba, ulilala chini nusu siku,” Fredrick akasema.

“Nilikuwa napumzika.”

“Theluthi ya ukingo wa kisima bado ina damu yako.”

Nikamwambia kisima hakigawanywi kwa theluthi. Akaanza kueleza, na alivyokuwa akieleza nikamwona akiwa na miaka tisa amevunja dirisha la shule. Flora ana chumba. Kuna mtu wa kupanga nyumba hii, mwalimu, mtu safi. Waliogopa kuniambia hapa, kwa sababu hapa ningekataa. Basi wakapanga njia ndefu, nzuri, na wajukuu ndani, niione milima na ziwa, moyo ulainike, kisha waniambie tukifika.

Kumbe mandhari yalikuwa yangu mimi. Hata ng’ombe wa mnada hunyweshwa maji njiani.

Nilimuuliza kama yeye, mtu mzima mwenye mke, aling’oa viti vya gari zima ili asiseme sentensi moja mbele ya baba yake. Akasema ndiyo. Angalau hilo amelijibu kwa ufupi.

Sikusema naenda. Sikusema siendi. Yeye anasema hataniacha peke yangu tena, na likizo yake inakwisha Ijumaa ijayo. Antipasi aliondoka bila kuaga. Sikumsindikiza.

Jumamosi, 8 Julai

Saa mbili asubuhi. Gari linanguruma nje tangu saa moja na nusu. Cecilia amepakia katoni ya nepi, jiko, godoro lililokauka nusu. Mablanketi manne ameyarudisha sebuleni, akayapanga kitini. Hajui yaende wapi. Mimi pia sijui. Nimevaa koti. Funguo zimo mfukoni. Naandika nikiwa nimesimama, maana nikiketi goti litaniumbua wakati wa kuinuka.

Katika ukurasa wa pili nimekata ‘maharage, magunia mawili’ kwa wino mwekundu. Juu yake sijaandika kitu.

Nasikia ugomvi uani. Dorkas ameketi kwenye ngazi yangu, kiatu kimoja mguuni, anakataa kupanda gari. Baba yake anambembeleza: twende, tunamsindikiza Babu. Naye anamwambia hapana. Sauti yake ni ile ile ya njia panda, anavuta maneno moja moja:

“Babu ndiye anatusindikiza. Babu atarudi.”

Alipaswa kusema ‘anayetusindikiza’. Sikumsahihisha.

Fredrick amekwenda garini. Amezima injini. Samweli anagonga sufuria. Sasa nyayo zake zinakuja, zinapita ngazi, zinasimama.

Anapiga hodi. Mlango uko wazi, naye ananiona, lakini anapiga hodi.