Mwaka Huu Makasi Haikuwa Yangu

Jumapili, mwezi wa nane. Kitengela leo ni baridi ya kuuma vidole, na upepo umeleta vumbi hadi ndani ya sufuria. Nimerudi kutoka Kajiado saa nane mchana. Begi bado liko hapo mlangoni na sitaki kulifungua.

Wacha niseme tu. Niko na wivu. Sio ule wa kutaniana, ni ule wa kumnyima mtu hamu ya chai.

Sisi ni mafundi sita wa kushona, wanawake watupu. Kila Agosti tunafunga vibanda siku tatu, tunabeba cherehani mbili na kwenda kwa nyumba ya wageni nje kidogo ya mji wa Kajiado. Tunakula mbuzi, tunacheka, tunawashonea watu ambao hatuwashonei mwaka mzima: sisi wenyewe. Sare moja, kitenge kimoja, kila mtu na kipande chake. Na desturi yetu ni mtu mmoja kukata nguo za wote, Jumamosi asubuhi baada ya chai. Miaka minne mtu huyo amekuwa mimi.

Mwaka huu Wairimu alimpa Naserian makasi.

Wairimu ndiye mwenyekiti wetu, na ni rafiki yangu tangu siku zile tulikuwa tunagawana cherehani moja. Naserian alijiunga Januari. Mwembamba, mpole, anashonea shanga kwa kola mpaka wateja wanamngoja mlangoni. Siku hizi kila mkutano ni Naserian hivi, Naserian vile. Ijumaa tulipofika nikakuta Wairimu ameweka begi lake kwa chumba cha Naserian. Miaka yote tumelala chumba kimoja, mimi na yeye, tukisengenya wateja hadi usingizi utubebe. Nikasema haina shida.

Ilikuwa na shida.

Sasa nije kwa kosa langu. Kitenge kilikuwa na tausi, wote vichwa juu. Kitambaa cha hivyo hakikunjwi ncha kwa ncha, kwa sababu ukikata mbele na mgongo pamoja, upande mmoja utatoka tausi wamepinduka. Naserian amezoea vitambaa vya rangi moja. Akakunja ncha kwa ncha, akapiga chaki. Wengine walikuwa nje wanaota jua. Mimi nilikuwa nimesimama hapo na kikombe mkononi, na niliona.

Nilinyamaza. Nilitaka Wairimu aone vile kipenzi chake kipya anakata.

"Naanza na yako, mwalimu," Naserian akaniambia. Ananiita hivyo kwa heshima, kwa sababu mimi ndiye mkubwa wao. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hata hapo ningeweza kusema ngoja. Sikusema.

Alipofunua, tausi wa mgongo walikuwa miguu juu. "Enkai ai!" akamwita Mungu kwa Kimaasai, akashika mdomo. Wairimu akaja mbio. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajifanya nimeshtuka: "Haiya! Kwani imekuwaje?"

Nikangoja akaripiwe. Wairimu alicheka tu, akamkumbatia, akasema hata yeye aliwahi kukatia mchungaji suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Halafu Naserian akachukua kitambaa chake mwenyewe, kile hakijaguswa, akaniwekea mapajani. Akasema hicho ndicho atanikatia, na ile iliyoharibika ataivaa yeye, atapunguza pande zote, maana mimi ni mnene. Wairimu akaniangalia. Nadhani alikuwa anangoja nikatae.

Nikachukua.

Leo asubuhi tumepiga picha. Kwa picha sote tunatazama mbele, kwa hivyo hakuna kosa linaonekana, tumependeza kabisa. Lakini tukienda kwa gari Naserian alitembea mbele yangu. Njia yote nilikuwa naangalia tausi wake wakining'inia vichwa chini. Na mshono wake, wacha niwe mkweli, ni safi kuliko wangu.

Tulipofika kwa gari akanipokea begi. Akaniambia polepole, wengine wasisikie, "Mwalimu, mwaka ujao ukiona nimekosea, niambie kabla sijakata."

Hakuwa na hasira. Nilipanda gari nikakaa dirishani.

Alijua. Tangu jana asubuhi alijua niliona, na bado akanipa kitambaa chake. Nilidhani wivu wangu ni wa makasi, ama wa Wairimu. Saa hii ninachomwonea wivu ni ile roho yake, na hiyo siwezi kujishonea.

Gauni langu liko ndani ya begi. Halina kosa hata moja, na sijui nitalivaa wapi.

Nilikuwa nimeamua kesho nipite kwa kibanda chake kabla sijafungua changu, nimpe hili, anirudishie lile la tausi waliopinduka, na Wairimu akiwa hapo asikie kila kitu. Ndipo nikakumbuka alishalipunguza. Halinitoshi tena.

Basi kesho nitaenda mikono mitupu, niseme tu.