Diski Inayogonga Jina

Makiso, Kisangani, 29 Aprili 2024

Tonton Hilaire mpendwa,

Jambo sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo unakuacha ulale. Sisi huku tuko, Mungu anasaidia. Mama anakula kidogo. Nimempa Rachidi wa pikipiki barua hii pamoja na sabuni na chumvi, kwa sababu antena ya Ubundu bado imelala, na wewe simu huitaki hata antena ikiamka.

Nakuandikia kuhusu papa, mdogo wako. Tangu pirogi, ule mtumbwi wa kuvukia, ilipopinduka Februari, akivuka kwenda kufundisha Lubunga, mto haujaturudishia kitu, hata kiatu. Familia imeamua tukae matanga tarehe moja Juni. Kwa kuwa mwili hatuna, picha itawekwa juu ya kiti. Picha zote za papa ziko ndani ya kompyuta yake. Kila asubuhi mama ananiambia: « Odile, uniletee sura yake. Siwezi lia mbele ya kiti ya bure. »

Bon, mimi natengeneza kompyuta, ungedhani ni jambo dogo. Lakini diski yake inakufa. Ndani mna sahani inayozunguka na mkono mdogo unaoisoma, na huo mkono umechoka: unagonga, unarudi, unagonga tena. Kila nikiiwasha inapotea sehemu nyingine ya kilichobaki. Donc, basi, ninanakili polepole kwenye diski mpya, ya aina isiyo na kitu kinachozunguka. Ninaanza na sehemu nzima, zile mbaya naziacha mwisho.

Kugonga kwake kunanisumbua, tonton. Nimezisikia diski nyingi zikifa, zote hugonga kama saa ya ukutani. Hii ina sauti mbili, nzito na nyembamba, tena kwa mpangilio. Inanyamaza, halafu inarudia ule ule. Wateja wanageuka kutazama. Mimi nacheka, naongeza redio.

Mtoto wako,
Odile

*

Ubundu, 4 Mei 2024

Mwanangu Odile,

Salamu nyingi kwako na kwa mama yako. Mgongo ni wa mzee, tusiuongelee. Sabuni imefika. Chumvi imefika nusu, mwambie Rachidi nimejua.

Redio izime. Unakumbuka lokole yangu, ile ngoma ya gogo lililochongwa tumbo, lenye mdomo mzito na mdomo mwepesi. Babu yako alimpa kila mwanawe jina la kupigwa, mbali na lile la kubatizwa. Mimi na Faustin, baba yako, tuliitana hivyo toka ng'ambo hadi ng'ambo ya mto. Ukiitwa, ni lazima uitike, na kuitika ni kupiga jina la aliyekuita. Babu yako alisema: « Mutu anaitwa, hanyamaze. Akinyamaza, ameua ndugu. » Na mtu akifa, mkubwa wake hupiga jina lake mara moja, kwa mara ya mwisho, kisha lokole inalazwa kifudifudi mpaka matanga yaishe.

Jina la Faustin sijalipiga tangu Februari. Mwili sijauona. Nyinyi fanyeni matanga yenu, mimi siji kulilia picha. Ndugu yangu alijua kuogelea kabla hajajua kuvaa suruali.

Lakini niandikie hiyo diski inagonga namna gani. Weka « ndu » kwa sauti nzito na « ke » kwa nyembamba. Usikosee.

Tonton yako,
Hilaire

*

Makiso, 9 Mei 2024

Tonton wangu,

Jambo, na pole na mgongo. Mimi nina kichwa kinachouma tu. Rachidi anaapa kwamba mfuko ulitoboka.

Umenikasirisha, acha niseme. Mama amekuwa mjane tangu Februari, na wewe unamnyima hata neno hilo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Papa harudi. Ningependa tuwe wawili tunaolijua.

Haya, kugonga kwenyewe. Niliiwasha kidogo tu, nikaandika:

ndu-ke-ndu, ke-ke-ndu, ke, ke.

Kisha kimya, kisha hivyo hivyo tena.

Picha zimeanza kutoka. Ile ya ubatizo wa mdogo wangu Benie, ile ya walimu mbele ya shule, ile ya Noeli. Watu wote wazima, hata mbuzi wa jirani yumo. Ila pale aliposimama papa pana kijivu kitupu, picha hadi picha. Najua ni sehemu za diski zilizoharibika. Najua, lakini nimefunga duka mapema, sikutaka kubaki nayo peke yangu.

Mtoto wako,
Odile

*

Ubundu, 13 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu. Afya ipo.

Nilidhani utaniletea jina la baba yako. Hilo uliloandika ni langu.

Jina langu linaishia kwenye « ke » moja. Ile ya pili ni ya Faustin. Tangu utotoni alirudia pigo la mwisho, la jina lolote. Babu yako alimchapa vidole, hakuacha. Duniani hakuna mwingine aliyeniita hivyo, na wewe hukuwa na njia ya kujua.

Ananiita, Odile. Kumbe ameniita siku zote hizi nami nimekaa kimya. Lakini fikiria jibu lenyewe. Nikipiga jina lake, mimi mkubwa wake, baada ya yaliyotokea mtoni, nimemzika. Nisipopiga, nimemwacha anaita ndani ya maji. Naogopa yote mawili.

Jumapili hii ya Pentekoste, jua likianza kulegea, nitabeba lokole hadi mtoni. Usiiwashe diski kabla ya hapo. Jina nitakalopiga ni hili, ulijue: ndu-ndu-ke, ndu-ke, ndu. Ulijue tu. Mtoto hapigi jina la baba yake.

Tonton yako

*

Makiso, Jumapili 19 Mei 2024

Tonton mpendwa,

Sikuulizi hali leo, naogopa jibu.

Nilingoja jua lilegee, nikaiwasha. Iligonga jina lako. Ikalirudia, mara nyingi, haraka zaidi, na kila mara sauti ikipungua. Kwenye kioo cha kompyuta naona kunakili kumesimama. Nikajiambia, tonton hajapiga, na hii itakufa sasa hivi na sura yote ya papa. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Nilipiga mezani, nzito kwa mpini, nyembamba kwa chuma, jina uliloniandikia. Mwishoni bisibisi iliteleza, ikapiga mara mbili.

Diski ilinyamaza. Haikufa, ilianza kusoma kimya kama mpya, na faili zikamiminika hadi ya mwisho. Ndipo ikasimama, na haitawaka tena.

Nimeifungua nakala kwenye diski mpya. Imeamka na mipangilio yake yote: herufi kubwa kwa ajili ya macho ya papa, saa aliyoitanguliza ili asichelewe shule. Nimelia kwa sababu ya ile saa. Picha moja ni nzima. Papa amesimama ukingoni, kichwa amekigeuza nyuma, kama mtu aliyeitwa na anayemfahamu.

Nisamehe. Rachidi anaondoka na barua hii kesho.

Mtoto wako

*

Ubundu, Jumatatu 20 Mei 2024

Odile,

Naipeleka hii kwa treni, imepatikana moja. Barua yako sijaiona.

Sikupiga. Nilikaa ukingoni, vijiti mkononi, mikono ikakataa. Mzee mzima nalia kama mtoto.

Ndipo nikasikia lokole. Ilitoka kule mto unakoteremkia, upande wenu, safi, wala upepo haukuwepo. Ilipiga jina la Faustin polepole, kama mtu anayejifunza. Na pigo la mwisho ilirudia.

Nimezunguka kote leo nikiuliza. Hakuna aliyesikia, na kwa upande huo hakuna mwenye lokole tena. Kwa hiyo ni yeye. Nilimchelewesha mno, akajitangazia kifo mwenyewe. Niambie kwamba kwenu hamkusikia kitu.

Tonton yako

*

Ubundu, 23 Mei 2024

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mjane wa ndugu yangu. Mwambie nimeliandika neno hilo.

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Sikukasirikii. Kazi ilikuwa yangu, nikaikimbia, ikakuangukia wewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na jina la mwisho halipigwi mara mbili. Lokole nimeilaza kifudifudi. Nilipoigeuza, maji yalimwagika kutoka tumboni mwake, mengi, na mvua haijanyesha huku tangu wiki iliyopita. Nimeyapangusa, sikumwambia mtu.

Unasema bisibisi iliteleza. Mkono ulikuwa wako, hilo nakubali. Kosa lile la pigo la pili ni lake Faustin.

Nitakuja tarehe moja kukaa matanga. Niwekee kiti karibu na chake.

Tonton yako, na sasa papa yako,
Hilaire