Nyasi Zenye Dhamana Mlangoni Kwangu

Jumanne, 2 Desemba 2025

Mwanangu Tusekile kaja na fundi Yonathani na gari la mizigo. Ndani nyasi za plastiki, zimeviringishwa kama mikeka. Eti anatandika mteremko wote, kutoka mlangoni hadi barabarani, nisiteleze tena. Mwaka jana niliteleza kwenye tope nikateguka nyonga, ni kweli. Lakini nyasi? Hapa Mbozi nyumba ikiota nyasi mlangoni, watu hujua mwenyewe kafa au kahama. Miaka hamsini nang'oa ndago moja moja ili huo mteremko uwe udongo mtupu. Leo mtoto niliyemzaa analeta nyasi kwa gari.

Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema, "Mama, chagua. Nyasi, au unahamia kwangu Tunduma."

Kwake Tunduma malori yanapiga honi dirishani, na shamba lake ni ndoo mbili za mchicha barazani. Nikasema haya, nyasi.

Kisha akasema zina dhamana ya miaka minane. Nikauliza zilikamatwa wapi, kwa kosa gani. Yonathani alicheka hadi akakaa chini. Mimi dhamana ninayoijua ni ya kaka yangu Anania, ile kesi ya ng'ombe. Alitoka polisi kwa dhamana, kila Jumatatu anaripoti kituoni. Tusekile kasema si hiyo. Hii ni ya kiwanda: zikiharibika wanaleta nyingine, mradi tufuate masharti. Na sharti mojawapo – kila Jumatatu picha kwa simu.

Sasa tofauti iko wapi.

Alhamisi, 4 Desemba

Tusekile karudi Tunduma kwenye kazi yake ya makontena mpakani. Yonathani kashindilia mteremko vizuri. Halafu likaja lori la kokoto. Kokoto safi, za kuzikwa chini ya plastiki! Na msingi wa kanisa letu umesimama tangu Pasaka kwa kukosa kokoto hizo hizo. Nikampigia mchungaji. Kwaya ya akina mama wamezibeba zote kabla ya chakula cha mchana, wakiimba.

Kuna na kitambaa cheusi cha kutandika chini, magugu yasitoke. Kizuri mno. Nimefunikia kitalu changu cha miche ya kahawa.

Yonathani akasema, "Bibi, karatasi ya dhamana inataka kokoto na kitambaa." Nikamwuliza ni nyasi gani zinazoogopa udongo. Akala ugali mara ya pili, akapigilia misumari yake.

Jumatatu, 8 Desemba

Nyasi zimeripoti. Picha kapiga jirani yangu Fausta. Kasema, "Mama Tusekile, uwanja wako kama hoteli iliyokosa wageni." Nimempa chai hivyo hivyo.

Jumapili, 14 Desemba

Fausta kanisomea masharti. Mimi darasani sikuketi hata siku moja. Herufi alinifundisha marehemu Abrahamu wangu kwa Biblia, na Biblia haina herufi ndogo namna hii. Moto hapana. Kuanika kahawa hapana. Mbuzi hapana. Na kupiga brashi kuelekea juu, ili majani yasimame.

Maisha yangu yote nafagia kufuata maji yanakokwenda. Leo nimefagia kupanda kilima, nafagia nyasi za uongo, na gauni la kanisani mwilini. Waumini wakapita. Wameniamkia kwa sauti ya kumwamkia mgonjwa.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Mvua siku nne. Zulia la nyasi linashuka. Polepole, kama mtu anayetoroka ibada. Mlangoni pamebaki udongo hatua nzima, na kule chini limeingia barabarani, mbuzi wa Fausta kalala juu yake. Yonathani kaja, kapima kwa miguu, kasema, "Bibi, ni kokoto."

Nikamwambia najua ni kokoto, usinifundishe.

Tumelivuta kwa kamba, mimi, yeye na Fausta, tukalipigilia upya. Nikauliza Tusekile akijua itakuwaje. Akasema dhamana inafutwa. Kwa kaka yangu Anania, dhamana ilipofutwa walikuja kumchukua. Hapa nitachukuliwa mimi, nipelekwe Tunduma. Nimempa Yonathani jogoo. Kaapa hatasema.

Jumatano, 21 Januari

Mvua kubwa tangu Jumapili, zulia halijasogea hata kidole. Nikamshukuru Mungu. Nikainama nitazame vizuri.

Ndago.

Zimetoboa plastiki, zimechomoza juu hadi chini, kijani ile ile. Mkono ukaenda wenyewe, nikang'oa tatu. Pale nilipong'oa, zulia likalegea. Ndipo nikaelewa. Nimecheka peke yangu mpaka nyonga ikauma. Adui yangu wa miaka hamsini ndiye ananishikia nyumba.

Jembe langu nimempa Fausta alifiche. Nisije nikajisahau.

Jumanne, 3 Februari

Tusekile kapiga simu. Mkaguzi wa kiwanda anakuja Ijumaa. Atafunua pembe aone chini.

Nimekwenda kanisani kuomba kokoto zangu. Mchungaji kanionyesha ukuta. Umefika madirishani.

Ijumaa, 6 Februari

Wamefika. Mkaguzi anaitwa Danieli, mtu mzima, ana mvi, kaniamkia vizuri. Tusekile kaja na begi kubwa. Tupu. Kaliweka mlangoni bila kunitazama.

Danieli kapanda, kashuka, na daftari lake. Kasema mkoa mzima hajaona mteremko uliotulia hivi. "Na majani, bibi, yamesimama utadhani ya kweli." Nikasema napiga brashi.

Akachuchumaa, akashika pembe, akavuta. Haikutoka. Akavua koti, akavuta kwa mikono miwili. Haikutoka. Tusekile akaja kumsaidia. Haikutoka.

"Bibi," akasema anahema, "fundi alitumia gundi gani? Lazima niiandike."

Nikamwambia ngoja nilete chai.

Niko jikoni. Chai imechemka mara mbili. Dirishani namwona Tusekile kapiga magoti. Kachuma jani moja, analisugua vidoleni, analinusa. Huyo nilimfundisha kupalilia kabla hajaota meno ya pili. Ndago anaijua kwa harufu.

Ameinua kichwa, ananitazama. Begi liko wazi mlangoni. Danieli kashika kalamu, anasubiri jina la gundi.

Tusekile anafungua mdomo.