Chupa ya Zabibu za Jua Kali

Stellenbosch, Afrika Kusini

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Magwagwa? Natumaini goti lako limepata nafuu na Baba hapandi tena kilima cha majani chai mvua ikinyesha. Mimi ni mzima, ila baridi ya Juni ya huku inauma hadi kwenye meno. Tafadhali usisome na kalamu nyekundu mkononi, ualimu ulishastaafu.

Siku ile kwa simu uliniuliza, "Nyaboke, nimekulea Msabato ndio uende kukoroga pombe?" Kabla sijajibu mtandao ukakatika, na kusema kweli nilishukuru. Leo nataka kukujibu vizuri, kwa sababu kuna jambo linalongoja kauli yako.

Unajua nilikuja huku kuchuma zabibu na kupogoa mizabibu. Msimu huu jua lilikuwa kali mno, zabibu nyingine zikaanza kunyauka zikiwa bado kwenye mizabibu. Juzi Bi Annelie, mama mzee anayesimamia utengenezaji wa divai, aliniita nionje naye divai ya safu za mizabibu nilizozihudumia. Sehemu kubwa ni ya zabibu ziitwazo Merlot. Kuonja kwao ni kusukutua mdomo na kutema kwenye ndoo. Hakuna anayemeza, la sivyo kufikia saa nne wote wangekuwa wanaimba.

Alinimiminia kwa mkono wake mwenyewe. Sasa Mama, wewe ndiye uliyetufunza kwamba kutema ulichopewa na mtu mzima, tena mbele yake, ni kumtukana. Na kumeza siwezi. Nikabaki nayo mdomoni, mashavu yamefura. Akaniuliza, "Unaionaje?" Nikatikisa kichwa. "Si useme basi." Nikatoka mbio, nikatema nje nyuma ya mapipa. Niliporudi nilimkuta anacheka huku akifuta machozi. "Hapa usipotema ndipo utanikosea," akasema. Nikatema mbele yake, nikimwomba radhi kila mara.

Divai yenyewe ilikuwa nyekundu ya kuelekea weusi. Ilinukia plamu zilizoiva kupita kiasi, karibu jemu. Mdomoni ilikuwa nzito na laini, ukakasi kidogo, uchachu karibu hakuna, halafu ikaacha moto kooni. Nikamwambia imenikumbusha ile Ijumaa ulipokuwa unachemsha zabibu za Meza ya Bwana, wageni wakaingia, ukapiga nao hadithi hadi juisi ikawa uji. Akataka kujua ulifanyaje. Nikamweleza ulikamua zile zilizobaki bila kuzichemsha, ukachanganya. Akavuta mtungi aliokuwa ameshauandaa, wa divai ya zabibu nyingine, Cabernet Franc, zilizochumwa kabla joto halijazidi. Akaongeza kidogo, tukaonja tena. Lile jua bado lilikuwamo, lakini sasa ilichangamsha ulimi. Nilifurahi sana, Mama, sitakuficha.

Anataka nitoke shambani nijifunze kwake kazi ya kuonja. Nimemwambia siwezi kukubali kabla ya kusikia kutoka kwako, naye hakushangaa. Naitaka kazi hii. Lakini nikiipata bila baraka yako haitanikaa moyoni, nakujua na ninajijua.

Kwa hivyo nimekutumia kitu. Wakati wa mavuno niliomba zabibu kidogo za safu hizo hizo, kwa kuwa nilikuwa nikikuwaza. Nilizichemsha siku ileile kabla hazijachacha, nikachuja kwa kitambaa cheupe kama ufanyavyo, nikaziba chupa ikiwa bado ya moto. Hakuna kileo ndani. Dada mmoja tunayesali naye hapa, mtu wa Masimba, anarudi nyumbani wiki ijayo na atakufikishia.

Nisalimie Baba, na Nyanya, umwambie bado nakula vizuri. Onsongo ndugu yangu mwambie ndizi za huku hazifikii zake za soko la Daraja Mbili hata kidogo. Wasalimie mashemasi wenzako wote.

Hiyo chupa ifungue Ijumaa kabla jua halijazama na Sabato kuingia, uionje polepole. Ikikuridhisha, iweke kwenye Meza ya Bwana, kisha unipigie, nami nitamwambia Bi Annelie ndiyo. Isipokuridhisha, iteme tu, Mama. Nimeshajifunza kwamba si matusi.

Binti yako anayekupenda,
Nyaboke